Kiraka Kimoja, Mifumo Mingi: Chanzo na Tiba ya Makosa ya Ukompaili katika Familia ya Unix

Ikisiri

Makala haya yanachunguza makosa ya ukompaili yanayojitokeza baada ya programu kutiwa kiraka katika mifumo endeshi ya familia ya Unix. Mfano mkuu ni qmail, programu ya seva ya barua pepe iliyoandikwa na Daniel J. Bernstein, ambayo toleo lake la 1.03 la mwaka 1998 limeendelea kutiwa viraka na kukompailiwa katika Linux, Solaris, BSD na macOS kwa zaidi ya miaka 20. Hoja kuu ni kwamba kosa la aina hii mara nyingi halimo ndani ya kiraka chenyewe. Hutokana na dhana fulani kuhusu mfumo, ambayo haikuandikwa popote, na ambayo programu, kiraka, maktaba au kompaila imeacha kuafikiana nayo. Kwa sababu hiyo kulinyamazisha kosa si sawa na kulitibu, na makala yanaonesha namna tofauti hiyo inavyogusa usalama wa taasisi zinazotegemea programu za zamani.

Utangulizi

Neno kiraka limehamia katika lugha ya kompyuta bila kuacha maana yake ya cherehani: kipande kidogo kinachoshonwa juu ya tundu ili nguo nzima isitupwe. Katika programu, kiraka ni faili linaloeleza ni mistari ipi ya msimbo chanzo iondolewe na ni ipi iwekwe mahali pake. Programu ya diff, iliyoandikwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, hulinganisha mafaili mawili na kuorodhesha tofauti zake. Programu ya patch, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1985, huichukua orodha hiyo na kuitia katika msimbo ulioko kwa mtu mwingine. Baada ya hapo msimbo hukompailiwa, yaani hugeuzwa kutoka maandishi yanayosomwa na binadamu kuwa programu inayotekelezwa na mashine.

Ukompaili una hatua mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Katika hatua ya kwanza kompaila husoma kila faili peke yake na kulitafsiri. Katika hatua ya pili kiungishi hukusanya tafsiri hizo, pamoja na maktaba za mfumo, na kuzifanya programu moja. Kosa la hatua ya kwanza huhusu maandishi: tangazo lisilokuwapo, aina zisizolingana, faili lisilopatikana. Kosa la hatua ya pili huhusu majina: kitu kilichotajwa hakikupatikana popote, au kimepatikana mara mbili, au kimepatikana kikiwa na sura nyingine. Kujua ni hatua ipi iliyolalamika ni nusu ya tiba.

Suala hili lingeweza kuachiwa mafundi peke yao kama lisingekuwa na upande wa sera. Dosari ya usalama inapotangazwa, kiraka chake hutolewa pamoja na tangazo au siku chache baadaye. Taasisi inayoendesha seva yenye mfumo tofauti na ule wa mwandishi wa kiraka hukitia, hujaribu kukompaili, hupata ukurasa mzima wa makosa, na hurudi kwenye programu ya jana ambayo dosari yake sasa inajulikana na kila mtu. Katika kumbukumbu za taasisi hiyo kiraka kimepokewa. Katika seva hakimo.

Familia yenye nyumba nyingi

Unix ilianza mwaka 1969 katika Bell Labs, ikaandikwa upya kwa lugha ya C mwaka 1973, kisha ikatawanyika. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa tawi la BSD, ambalo uzao wake ni FreeBSD, OpenBSD na sehemu kubwa ya macOS. Kampuni ya AT&T ilitoa System V mwaka 1983, na kutoka humo zikapata mengi Solaris, HP-UX na AIX. Linux haina msimbo wa Unix ya awali, lakini imefuata desturi zake. Kiwango cha POSIX, kilichopitishwa mwaka 1988, kilijaribu kuwarudisha ndugu hawa kwenye meza moja, na kwa sehemu kubwa kilifanikiwa. Makosa yanayojadiliwa hapa huzaliwa katika sehemu iliyobaki: mambo ambayo kiwango hakikuyataja, au kiliyataja baada ya programu kuwa imeshaandikwa.

Programu ya qmail inafaa kuwa kielelezo kwa sababu ya leseni yake. Hadi Novemba 2007, Bernstein alipoitoa kuwa mali ya umma, masharti yake hayakuruhusu kusambaza matoleo yaliyorekebishwa. Aliyetaka kuongeza usimbaji wa TLS au uthibitishaji wa mtumiaji hakuweza kutoa toleo lake. Aliweza kutoa kiraka tu. Matokeo yake ni kwamba kwa takriban miaka 10 kila msimamizi wa qmail alipakua msimbo uleule wa mwaka 1998, akakusanya viraka vya waandishi mbalimbali, na kuvishona mwenyewe juu ya mfumo wake. Ni vigumu kupata programu nyingine ambayo imeshonwa na mikono mingi kiasi hicho juu ya vitambaa vya aina nyingi kiasi hicho.

Kabla kompaila haijasema

Baadhi ya makosa ya ukompaili hayahusu ukompaili hata kidogo. Ni kiraka ambacho hakikukaa mahali pake. Programu ya patch haihitaji mistari ilingane kwa ukamilifu. Hutafuta mazingira yanayofanana, na ikibidi hukubali mistari michache ya pembeni isilingane. Inaposhindwa kabisa hukiandika kipande kilichokataliwa katika faili lenye jina linaloishia kwa rej na kuendelea na vipande vingine. Msimamizi asiyesoma taarifa hizo huanza kukompaili programu iliyotiwa nusu ya kiraka.

Faili la qmail-smtpd.c laonesha jambo hili vizuri. Seva ya barua inaposalimiwa na mteja hujibu kwa kuorodhesha uwezo wake. Kwa mujibu wa itifaki, kila mstari wa jibu huanza kwa 250 na kistari, isipokuwa mstari wa mwisho ambao huanza kwa 250 na nafasi tupu. Katika msimbo wa Bernstein orodha yote imo katika mstari mmoja tu wa C. Kiraka cha TLS hutaka kuongeza uwezo wake katika mstari huo, na kiraka cha uthibitishaji hutaka vivyo hivyo. Cha kwanza kikishatiwa, mstari alioujua mwandishi wa kiraka cha pili haupo tena, na kipande hicho hukataliwa. Hakuna kompaila itakayoligundua hilo: programu itajengwa salama, itaanza kazi, na haitamwambia mteja yeyote kwamba inaweza kuthibitisha watumiaji.

Afadhali kipande kilichokataliwa kikiwa cha Makefile, yaani faili linaloeleza ni mafaili gani yaunganishwe. Hapo kiungishi hulalamika kwamba funksheni fulani haijulikani, ilhali msimbo wake upo waziwazi katika saraka. Kiraka cha uthibitishaji, kwa mfano, huleta faili la base64.c. Kama mstari wa Makefile haukuongezewa base64.o, faili hilo halitaunganishwa kamwe. Kosa la aina hii halitibiwi kwa kuhariri msimbo wa C, ingawa huko ndiko macho huelekea kwanza.

Zipo pia ajali ndogo za usafirishaji. Makefile hutegemea alama za tabo, na kiraka kilichonakiliwa kwa kipanya kutoka kwenye kivinjari huziacha tabo njiani na kubaki na nafasi tupu. Programu ya patch iliyokuja na Solaris kwa miaka mingi haikuelewa umbo la tofauti lililobuniwa mwaka 1990 na kutumiwa na karibu viraka vyote vya leo. Ilibidi kutumia patch ya GNU, ambayo huko huitwa gpatch. Haya hayana kina. Yanahitaji tu kujulikana.

Hatua ambayo huokoa muda mwingi kuliko nyingine zote ni kuikompaili programu bila kiraka kwanza, katika mfumo uleule na kwa kompaila ileile. Msimbo safi ukigoma, kiraka hakina hatia.

Kisa cha errno

Umuhimu wa hatua hiyo ulidhihirika mwaka 2002, maktaba ya C ya GNU ilipofikia toleo la 2.3. Katika mifumo ya Unix, mwito wa mfumo ukishindwa, namba ya sababu huwekwa katika kibadilika kiitwacho errno. Programu za kale zilikitangaza zenyewe kwa maneno extern int errno, na Bernstein alifanya hivyo katika mafaili matatu ya qmail: error.h, cdb_seek.c na dns.c. Tangazo hilo linadai mambo mawili: kwamba errno ni namba kamili ya kawaida, na kwamba iko moja tu katika programu nzima.

Dai la pili lilikuwa limeshaanza kudhoofika. Programu zinazoendesha nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja haziwezi kutumia errno moja, kwa kuwa uzi mmoja ungefuta sababu ya uzi mwingine kabla haijasomwa. Kiwango cha C cha mwaka 1989 kilikuwa kimeshaacha mlango wazi kwa kusema kwamba errno hupatikana kwa kuliingiza faili la errno.h, bila kuahidi kuwa ni kibadilika cha kawaida. Katika toleo la 2.3 maktaba ya GNU iliupita mlango huo: errno ikawa hifadhi ya kila uzi. Programu zilizoingiza errno.h hazikuona badiliko lolote. Zile zilizojitangazia zenyewe zilifika salama hadi hatua ya pili, na huko kiungishi kikagoma kwa hoja kwamba errno ya maktaba ni ya kila uzi ilhali ile inayotajwa na programu si ya namna hiyo.

Tiba ni fupi mno: ondoa tangazo katika mafaili hayo matatu, weka mahali pake mstari wa kuingiza errno.h. Badiliko hilo linafanya kazi katika Unix zote zinazofuata kiwango, mpya na za zamani, na ndiyo maana lilichukuliwa katika netqmail, mkusanyiko wa viraka uliokubalika na wengi. Lakini msimamizi wa mwaka 2003 aliyekuwa amesasisha Linux yake na kutia kiraka cha TLS siku hiyohiyo aliona kosa likitokea baada ya kiraka. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba lilitokea kwa sababu ya kiraka. Kukompaili msimbo safi kungemwonesha kosa lilelile kwa muda usiozidi dakika chache.

Kisa hiki kinaonesha pia kwa nini ujumbe wa kosa haupaswi kusomwa kama anwani ya tatizo. Aliyelalamika ni kiungishi. Palipovunjika ni maandishi ya C. Kilichobadilika ni maktaba. Aliyelaumiwa ni mwandishi wa kiraka. Wanne tofauti.

Kosa lililonyamazishwa

Katika C ya zamani, kompaila ilipokutana na funksheni isiyotangazwa haikugoma. Ilikisia kwamba funksheni hiyo hurudisha namba kamili, ikaendelea. Ukisiaji huo uliondolewa katika kiwango cha mwaka 1999, lakini kompaila nyingi ziliendelea kuuruhusu kwa kutoa onyo tu. Clang 16 ya mwaka 2023 na GCC 14 ya mwaka 2024 ndizo zilizoligeuza onyo hilo kuwa kosa kwa chaguo-msingi. Msimbo na viraka vingi vilivyojengwa kwa robo karne vikagoma siku moja.

Njia ya mkato inajulikana: kuiamuru kompaila ilirudishe kosa hilo katika daraja la onyo. Programu hujengwa. Ili kuona gharama yake, inafaa kuitazama funksheni ya crypt, inayotumiwa kulinganisha nywila na ambayo huitwa na programu nyingi za uthibitishaji zinazoambatana na qmail. Funksheni hii hurudisha kielekezi, yaani anwani ya mahali penye jibu katika kumbukumbu. Katika Linux tangazo lake limo katika faili la crypt.h na msimbo wake umo katika maktaba ya libcrypt. Katika OpenBSD na macOS tangazo limo katika unistd.h, na msimbo umo katika maktaba kuu ya C. Libcrypt haipo kabisa. Kiraka kilichoandikwa OpenBSD huingiza unistd.h pekee, na kinapofika Linux huenda kikakosa tangazo.

Kompaila iliyonyamazishwa itakisia kwamba crypt hurudisha namba kamili ya biti 32. Katika mashine za biti 32 kielekezi nacho kilikuwa na biti 32, hivyo kisio hilo halikumdhuru mtu, na programu zilifanya kazi miaka nenda miaka rudi. Katika mashine za biti 64 nusu ya juu ya anwani hukatwa. Anwani iliyobaki huelekeza mahali pasipohusika, na programu huanguka mtumiaji wa kwanza anapojaribu kuingia. Au, ikiwa jibu limetokea kuhifadhiwa katika anwani za chini, hufanya kazi leo na kuanguka baada ya sasisho lijalo la mfumo. Kosa ambalo lingejitokeza katika chumba cha fundi limehamishiwa kwa watumiaji, likaondolewa namba ya mstari na jina la faili vilivyolifanya litibike.

Tiba halisi ina pande mbili. Upande wa maandishi ni kuingiza crypt.h pale lilipo. Upande wa kiungishi ni kuongeza libcrypt katika Linux, na kutoiongeza katika OpenBSD na macOS, ambako kiungishi kingegoma kwa kukosa maktaba iliyotajwa. Hapa ndipo swali linapogeuka: msimbo utajuaje uko wapi?

Jina la mfumo na sifa ya mfumo

Jibu la haraka ni kuuliza jina: kama ni Linux fanya hivi, kama ni OpenBSD fanya vile. Jibu hilo huzeeka upesi, na mfano wake bora umo katika maktaba za usimbaji. Mwaka 2016 OpenSSL 1.1.0 iliificha miundo yake ya ndani, na viraka vya TLS vilivyokuwa vikiigusa moja kwa moja vikaacha kukompailiwa. Waandishi wa programu nyingi waliongeza sharti: ikiwa namba ya toleo la OpenSSL ni 1.1.0 au zaidi, tumia funksheni mpya. OpenBSD, hata hivyo, ilikuwa imeshahamia LibreSSL tangu toleo lake la 5.6 la mwaka 2014, na LibreSSL hujitambulisha kwa namba ya OpenSSL inayolingana na toleo la 2.0. Namba ilikuwa kubwa kuliko 1.1.0, lakini funksheni mpya zilikuwa bado hazijafika. Sharti lilijibiwa kwa ukweli na kompaila ikagoma.

Kisa kingine kinahusu majina mawili mafupi, major na minor, yanayotenganisha sehemu za namba ya kifaa. Kwa miaka mingi Linux iliyatoa kupitia sys/types.h. Maktaba ya C ya GNU ilianza kuonya dhidi ya desturi hiyo katika toleo la 2.25 la mwaka 2017, na katika toleo la 2.28 la mwaka 2018 ikayaondoa humo. Viraka vikatolewa kwa programu nyingi, vyote vikiwa na mstari mmoja: ingiza sys/sysmacros.h. Vilipofika FreeBSD vilizaa kosa jipya, kwa kuwa huko majina hayo yangali katika sys/types.h na faili hilo jingine halipo. Katika Solaris yamo katika sys/mkdev.h. Kiraka kilichoponya mfumo mmoja kilikuwa ugonjwa katika mfumo wa pili, na mwandishi wake hakukosea lolote ambalo angeweza kuliona kwenye meza yake.

Kinachostahimili ni kuuliza sifa badala ya jina: je, faili hili lipo? Je, programu ndogo inayoiita funksheni hii inaunganika? Autoconf, iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, imejengwa juu ya wazo hilo. Bernstein alilitekeleza kwa namna iliyo rahisi zaidi kusomwa. Ndani ya qmail mna mafaili madogo ambayo majina yake huanza kwa try. Faili la trylsock.c hujaribu kuunganishwa kwa maktaba za soketi ambazo Solaris huzitenga na maktaba kuu. Likifanikiwa, maktaba hizo huandikwa katika faili la socket.lib, na lisipofanikiwa faili hilo hubaki tupu. Faili la tryflock.c huuliza kama mfumo unayo funksheni ya flock. Katika majaribio hayo hakuna mahali panapotajwa jina la mfumo wowote. Anayetengeneza kiraka kinachohitaji libcrypt angefanya vema kuongeza jaribio la namna hiyo, na kazi yenyewe ni ya mistari isiyozidi 10. Wachache hufanya hivyo. Wengi huandika jina la maktaba moja kwa moja katika Makefile.

Majaribio nayo yana udhaifu, na haifai kuuficha. Jaribio hutafsiri kila kushindwa kuwa ukosefu wa sifa. Jaribio lililoandikwa kizembe, likiiita funksheni bila kuitangaza, litashindwa chini ya GCC 14 hata kama funksheni ipo, na programu itajengwa kana kwamba mfumo hauna uwezo huo. Hapatakuwa na kosa lolote kwenye skrini. Kwa qmail, ambayo hutumia lockf pale ambapo flock haikuonekana, hitimisho la uongo la namna hiyo lingebadilisha aina ya kufuli zinazolinda mafaili ya barua, na katika Linux kufuli za aina hizo mbili hazionani: programu mbili zaweza kuamini kila moja kwamba imelifunga faili lilelile. Baada ya kubadilisha kompaila, kwa hiyo, ni busara kulinganisha matokeo ya majaribio ya zamani na mapya kabla ya kuanza kazi, hata pale ambapo kila kitu kimejengwa bila lalamiko.

Mfumo wa mafaili pia ni sifa. Msimbo wa qmail una faili la maelezo liitwalo INSTALL na hujenga programu iitwayo install. Katika macOS, ambayo kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, hayo mawili ni jina moja. Kulibadilisha jina faili la maelezo kabla ya kuanza huondoa mgongano, na hakuna maarifa ya C yanayohitajika.

Kompaila inapozeeka na inapofanywa upya

Msimbo wa qmail umeandikwa kwa mtindo wa C uliokuwapo kabla ya kiwango cha 1989, ambamo funksheni hutangazwa kwa mabano matupu bila kutaja aina za vitu inavyopokea. Viraka vingi vimeandikwa kwa mtindo wa baadaye. Kompaila iliyotolewa bila malipo pamoja na HP-UX, iliyokusudiwa kujenga keneli tu, ilielewa mtindo wa kale pekee. Ilimpokea Bernstein na kuwakataa waandishi wa viraka. GCC 15 ya mwaka 2025 imeligeuza jambo hilo juu chini. Chaguo-msingi lake ni kiwango cha C23, ambamo mabano matupu yana maana kwamba funksheni haipokei kitu chochote. Kwa kompaila hiyo kiraka ni halali, na msimbo wa mwaka 1998 ndio wenye makosa, kwani kila mwito wenye kitu ndani ya mabano unapingana na tangazo lake.

Hapa pana tofauti inayostahili kuzingatiwa. Kuandika std=gnu17 katika mstari wa kwanza wa faili la conf-cc, ambalo qmail hulitumia kujua amri ya kompaila, si kunyamazisha kosa. Ni kuieleza kompaila ukweli, kwamba msimbo huu uliandikwa kwa sheria za awali na usomwe kwa sheria hizo. Kuandika std=gnu89 huenda mbali zaidi: hurudisha pia ruhusa ya kukisia funksheni zisizotangazwa, na hatari ya crypt iliyoelezwa hapo juu hurudi nayo. Chaguo hizi mbili hutofautiana kwa tarakimu mbili, na aghalabu hunakiliwa kutoka seva moja hadi nyingine bila mtu kuuliza.

Uzito wa haya yote ulionekana Mei 2020. Mwaka 2005 Georgi Guninski alikuwa ametangaza dosari katika namna qmail inavyogawa kumbukumbu kwenye mashine za biti 64. Wakati huo ilichukuliwa kwamba haiwezi kutumiwa kwa vitendo, kwa kuwa seva iliyosanidiwa ipasavyo huwekewa ukomo wa kumbukumbu. Miaka 15 baadaye kampuni ya Qualys ilionesha kwamba dosari hiyohiyo yaweza kutumiwa kwa mbali kupitia sehemu ya programu ambayo katika usanidi wa kawaida haikuwa na ukomo huo. Viraka vilitolewa, na mradi wa notqmail, unaoendeleza msimbo huo tangu mwaka 2019, ukatoa toleo la 1.08. Kiraka chenyewe kilikuwa kifupi. Kilichokuwa kirefu, kwa aliyeendesha qmail aliyoijenga mwenyewe, ni njia ya kukifikia: msimbo wa mwaka 1998, juu yake viraka vinne au vitano ambavyo mpangilio wake haukuandikwa, juu yake kompaila ya mwaka 2020, na fundi aliyevishona kwanza huenda alikwishaondoka.

Kwa mshauri wa sera, swali la kuiuliza taasisi kwa hiyo si kama inapokea viraka. Ni kama inaweza kuijenga upya leo, kutoka msimbo chanzo, programu inayoiendesha leo. Taasisi inayoweza huwa na mambo machache yaliyohifadhiwa pamoja na msimbo: viraka vyenyewe kwa mpangilio vilivyotiwa, vipande vilivyokataliwa na namna vilivyoingizwa kwa mkono, jina na toleo la kompaila na la maktaba ya C, mstari wa conf-cc kama ulivyokuwa, na matokeo yote ya ukompaili wa mwisho uliofanikiwa, maonyo yakiwemo. Haya ya mwisho hutupwa mara nyingi zaidi kuliko mengine, ingawa ndiyo huonesha kosa lijalo: funksheni zisizotangazwa ambazo GCC 14 ilizikataa mwaka 2024 zilikuwa zikiorodheshwa katika maonyo ya GCC kwa jina la faili na namba ya mstari tangu miaka mingi kabla.